Amina Niliyoisema Sebuleni Kwangu

Mimi si daktari, na anayesoma hapa akitafuta dawa atatoka mikono mitupu. Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za kina mama wa kanisa na za watoto wa shule katika kibanda cha mabati hapa Buruburu, na nina ugonjwa wa sukari. Naandika kwa sababu sukari ilikaribia kunila akili, na walioisaidia kunila hunisalimu kila Jumapili, "Bwana asifiwe." Nami naitikia. Nilifunzwa adabu tangu utotoni, na adabu hiyohiyo ndiyo iliyoniponza.

Marehemu mama yangu alikuwa na sukari pia, kule kwetu Bungoma. Alipokaribia kwenda hakutujua tena kwa majina. Mimi aliniita kwa jina la ng'ombe wetu wa maziwa, na watu waliokuwa chumbani wakacheka kwa kuwa hawakujua wafanye nini. Sikucheka. Kwa hiyo nilipoanza kusahau vitu vidogo, niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa kukatwa mguu. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu amenyoosha mikono, futi ya kupimia iko shingoni mwangu, nami najiuliza nilitaka kupima nini. Siku nyingine niliteleka maharagwe nikaenda zangu kanisani. Nyumba ilinusa moshi wiki nzima.

Daktari wa kliniki aliniambia kwamba sukari ikipanda ovyo kwa miaka huuchosha ubongo, hivyo nishike vidonge, nishike chakula, nitembee. Hakusema zaidi, maana foleni ilifika hadi langoni. Nilitoka nikiwa sijaridhika. Mtu mwenye hofu hataki ushauri, anataka kitu cha kushika mkononi. Nikamweleza mume wangu, Baba Naliaka, naye kama kawaida yake akamweleza dada yake.

Huyo dada yake nitamwita wifi tu, na wanaomjua watamjua. Ni kiongozi wa kina mama katika ushirika wetu, ana sauti ya kuhubiri bila kipaza, na tangu aache kazi ya ofisi anauza mafuta ya kunywa. Kesho yake alikuwa mezani kwangu na chupa. Kwenye karatasi ya chupa palichorwa samaki, na juu ya samaki kichwa cha mtu kinachong'aa. Ndani mlinuka omena iliyosahauliwa juani.

"Haya ni mafuta ya ubongo, wifi," alisema. "Sukari inakausha ubongo, haya yanaulainisha. Wewe si ni fundi? Mashine yako ikikwama unafanya nini?"

"Naitia mafuta."

"Haya basi."

Hapo ndipo aliponipata. Mtu mwingine angebisha. Mimi nimezeekea kwenye mashine ya kukanyaga, na najua kwamba tone la mafuta mahali pake huondoa makelele yote. Aliniambia kwa lugha ninayoielewa. Nikameza kijiko palepale, na kile kijiko kikanirudia kooni mpaka jioni.

Naomba hili lishikwe vizuri: wakati huo vidonge nilikuwa bado nameza. Tena kwa ile hofu niliacha sukari kwenye chai, nikapunguza ugali, nikawa natembea kwa miguu hadi kibandani na kurudi. Kliniki iliyofuata sukari ilikuwa imeshuka, muuguzi akanisifu mbele ya wenzangu kwenye benchi. Baba Naliaka alimpigia dada yake simu kumpa habari hizo hata kabla sijavua viatu.

Wiki hiyo ilikuwa zamu yetu kukaribisha ushirika wa nyumbani. Sisi hufanya kwa zamu, nyumba hadi nyumba, na mwenye nyumba huheshimika kwa jinsi alivyopokea watu. Nilikanda chapati tangu asubuhi, nikaazima viti kwa majirani, sebule ikajaa mpaka kwenye korido. Tukaimba, tukaomba, tukafika kwenye ushuhuda. Wifi akasimama. Kabla ya kufungua mdomo alimpa dada mmoja simu yake arekodi.

"Wapendwa, mnamwona huyu wifi yangu? Alikuwa anasahau mpaka jina lake. Vidonge vya hospitali vilishindwa. Lakini kwa maombi, na kwa mafuta haya, sukari imeshuka na akili imerudi. Si ni kweli, wifi?"

Jina langu sikuwahi kulisahau. Vidonge havikuwa vimeshindwa. Lakini kwetu, mtu akishuhudia huwezi kumkatiza, maana utaambiwa umemkatiza Roho. Tena ni mgeni ndani ya nyumba yako. Tena ni dada ya mume wako, amekalia kiti chako, na chapati yako haijashuka tumboni mwake. Watu wote walinigeukia. Nilikuwa nimeshika birika la chai.

"Amina," nikasema. "Ni kweli."

Wakapiga vigelegele, nami nikaendelea kumimina chai.

Sikujua kwamba ushuhuda ukishatolewa si wako tena. Siku chache baadaye wifi alikuja na chupa mpya akakuta vidonge vyangu karibu na chupa ya chai. Akavishika kwa ncha za vidole.

"Kumbe bado?" akasema. "Umeshashuhudia mbele za Mungu, halafu kwa siri unameza hivi? Wifi, unamfanya Mungu mwongo. Na mimi pia."

Nilimtazama Baba Naliaka. Alikuwa anasoma gazeti, na hakuinua macho. "Usimwaibishe dada yangu, Mama Naliaka," alisema. "Jaribu tu kidogo."

Ati jaribu tu kidogo, kana kwamba ni kiatu cha mitumba. Wifi aliondoka na vile vidonge mkobani mwake, akawa anapitia kwetu kila asubuhi kunisimamia nikimeza kijiko changu. Mvua za Aprili zilikuwa ndiyo zinaanza.

Kilichokuja kwanza ni kiu. Nilikunywa maji mpaka tumbo likawa linacheza kama mtungi, na mdomo ukabaki mkavu vilevile. Usiku mzima mimi na choo, choo na mimi. Kisha nikaanza kukonda. Sketi zangu nilizibana kiuno, nikazibana tena. Wifi akanisifu kanisani, ati mafuta yanatoa unene wa ugonjwa, na wanawake wawili wakanunua chupa wakiniangalia mimi. Macho nayo yakaingia ukungu. Mimi niliyekuwa natunga uzi sindanoni huku nikipiga soga, sasa nililamba uzi mpaka ukaisha ladha na tundu sikuliona.

Binti yetu, Naliaka, anakaa mtaa wa Fedha na huja kutuona Jumapili. Alinikuta nimekaa jikoni nikinywa maji kwenye jagi.

"Mathe, mbona umekonda hivi? Vidonge unameza?"

Nikanywa tena. Wifi alikuwa sebuleni, akajibu kwa niaba yangu kwamba mama yako anaishi kwa imani sasa.

"Imani ni sawa, Senge," Naliaka akasema, maana ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. "Nimeuliza vidonge viko wapi."

Maneno yakapanda. Naliaka akamwambia shangazi yake kwamba anamuua mama yake ili auze chupa. Baba yake akasimama, akamwonyesha mlango: aombe msamaha au asirudi hapo. Mtoto wangu alinitazama akingoja niseme neno. Kichwa changu kilikuwa kizito, na neno lilikuwa mbali sana, nikabaki nimeshikilia jagi. Aliondoka bila kula. Wakati huo wote kuku wa chakula cha mchana alikuwa anaungua mekoni.

Baridi ya Julai ilinikuta na kazi ya majoho ya kwaya. Siku moja nilishika kola ya joho la kwanza na sikujua inaanzia wapi. Kola nimeshona tangu nikiwa msichana, naweza kuishona nikiwa nasinzia. Niligeuza kile kitambaa ndani nje, nikakiweka mezani, nikakichukua tena. Nikafikiri labda ni mashine. Nikachukua kopo, nikaitia mashine mafuta, nikangoja. Fundi wa kibanda cha jirani aliponiuliza kama nafunga, nilikuwa bado nimekaa hivyohivyo.

Wiki hiyohiyo nilienda Muthurwa kutafuta bitana na uzi. Soko lile nalijua njia zake zote. Nilifika, nikaingia katikati ya mafungu ya nguo, na ghafla sikujua nimetokea wapi wala nimekuja kufanya nini. Nilikwenda nikagonga meza ya mtu, soksi zikaanguka. Nikasikia wanaume wakisema, "Mama amelewa na bado ni asubuhi." Mimi, mke wa mzee wa kanisa.

Mama mmoja muuza mablanketi ya mitumba, ambaye kwa lafudhi yake alitoka upande wa Murang'a, alinishika mkono akanikalisha juu ya robota lake. Akaninusa mdomo. "Huyu hajalewa," akawaambia. "Huyu ni mgonjwa, muache kucheka kama wajinga." Akaninywesha maji. Akachukua simu yangu. "Mama, mtoto wako anaitwa nani? Nimpigie."

Nilifungua mdomo. Mtoto wangu mmoja tu, niliyemzaa na kumnyonyesha. Nikamtajia jina la ng'ombe wetu wa Bungoma.

Yule mama alinitazama, na nafikiri alielewa. Hakucheka. Alitafuta mwenyewe kwenye simu mpaka akampata Naliaka, kisha akaacha biashara yake akaketi nami, amenizungushia blanketi lake la kuuza, mpaka mtoto wangu alipofika mbio na kitambulisho cha kazini bado shingoni. Jina la yule mama sikuuliza, na niliporudi baadaye kumtafuta sikumpata. Mungu wake ndiye ningependa kumwabudu.

Hospitalini kipimo hakikutoa hata namba, kilisema tu kwamba sukari imepita mwisho wa kuhesabika. Waliniwekea maji ya mshipa, wakanidunga sindano, tukalala wawili kitanda kimoja, mimi na nyanya mmoja wa Kayole aliyekuwa akinifunika miguu kila shuka ilipoteleza. Siku nyingi za mwanzo sizijui. Naliaka anasema nilikuwa nikikanyaga kwa mguu, chini ya shuka, kama niko kwenye mashine.

Nilipopata fahamu za kutosha, daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, alinipa karatasi akaniomba nichore saa, kupima akili yangu. Nikachora. Nilijiona nimefanya vizuri. Kumbe namba zote nilizirundika upande mmoja, na upande wa pili ukabaki mtupu. Naliaka aligeuka akatazama dirisha. Kisha akatoa ile chupa mkobani akaiweka mezani.

Daktari aliisoma kwa utulivu. "Mafuta ya samaki si sumu," alisema. "Kuna watu wanaochunguza kama yanaweza kuulinda ubongo wa mtu mwenye sukari, na siku moja huenda wakatuambia ndiyo. Leo hakuna anayeweza kukuahidi hivyo. Na hata siku hiyo ikifika, hayatachukua nafasi ya dawa. Nani alikwambia uache vidonge?"

Baba Naliaka alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mkono wake begani mwangu.

"Aliamua mwenyewe," akasema.

Nimesahau mengi, lakini hilo nalikumbuka na koti alilokuwa amevaa. Nampikia, namfulia, tunalala kitanda kimoja, na hilo liko katikati yetu. Wanaotaka kusikia kwamba nimesamehe watafute simulizi nyingine.

Basi kliniki zikawa kalenda yangu. Kliniki ya kwanza nilisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Ya pili nilitembea nimeshika ukuta. Kwenye benchi mtu akienda haja huacha mkoba wake mahali pake na hakuna anayeukalia. Ile ndiyo sheria pekee ya nchi hii niliyowahi kuona ikifuatwa. Tulioneshana mahali pa kudunga tumboni, tukapeana njugu, tukacheka miguu yetu iliyokufa ganzi. Mijakaranda ilipochanua, mwezi wa Oktoba, nilikuwa najidunga mwenyewe. Majina yalianza kurudi, si yote, na mengine hadi leo huchelewa. Hayo nayangoja, sina haraka nayo.

Kola haikurudi. Mikono inakata, inapinda, inashona moja kwa moja, lakini ikifika kwenye kola inasimama. Naliaka alikwenda kwa yule fundi jirani, akamwomba amshonee kola moja hatua kwa hatua, kila hatua kipande chake, akavibandika ukutani kwangu kwa pini. Nikifika hapo nainua macho kama mwanafunzi. Wateja hudhani ni mapambo.

Na wifi? Alikuja kunijulia hali. Alileta soda, chupa kubwa, nyeusi. Akaomba kwa sauti, akamshukuru Mungu kwa kunirudisha, na alipokuwa akivaa viatu mlangoni akasema tatizo ni kwamba nilitumia mafuta kwa mashaka. Jirani yangu mmoja naye aliniambia waziwazi kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Sawa. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii nimeolewa nayo.

Nilidhani yameisha. Kumbe ile rekodi ilikuwa inatembea. Imepita vikundi vya simu vya kina mama kuanzia hapa hadi Embakasi, mimi na birika langu, "Amina, ni kweli."

Majuzi, watu walipokuwa wamerudi kutoka Krismasi mashambani, wifi alifika kibandani akiwa na wageni wawili: mwanamke wa kutoka Fedha, amevaa vizuri, na mama yake, bibi mwembamba mwenye leso iliyofungwa kiunoni mara mbili. Niliiona ile leso, nikajua. Mtu hafungi mara mbili kitu kilichokuwa kinamtosha.

"Huyu hapa," wifi akasema. "Mwenyewe, mzima, anashona. Muulizeni."

Yule binti akanionyesha simu. "Ni wewe, mama?"

"Ni mimi," nikasema. "Na ile Amina niliisema kwa adabu. Niliacha dawa, nikalazwa, nikamsahau mtoto wangu. Mafuta kama mnayataka kunyweni, lakini mama asiache vidonge."

Nilikuwa nimengoja karibu mwaka kuyasema mbele yake. Nilitarajia aone haya. Wifi alinitazama kwa huruma, huruma kabisa, akaniwekea mkono mgongoni.

"Mnaona?" akawaambia polepole. "Ndiyo hali yake siku hizi. Anasahau, anachanganya mambo. Si mnajua ugonjwa huu? Hapo kwenye simu alikuwa bado na akili yake."

Yule binti aliniangalia, akaangalia vile vipande vya kola ukutani, akaangalia simu. Nikaona anaamua. Sikuwa na shahidi. Aliyekuwa na akili timamu alikuwa ndani ya simu, na alikuwa upande wa wifi.

Wakatoka kuelewana bei. Bibi alibaki akipapasa kitambaa cha buluu mezani kwangu. Akainama karibu.

"Mimi vyangu niliacha Jumapili," akanong'ona.

Nilikuwa na dakika moja. Nikavuta futi shingoni. "Mama, nyoosha mikono nikupime," nikasema. "Nakushonea gauni la hicho kitambaa, ni zawadi. Ila lazima uje Jumamosi ujaribu, halitakukaa nisipokuona. Na leo jioni meza vidonge vyako." Kifua, kiuno, urefu wa mkono. Niliandika vyote, siamini tena kichwa changu. Alicheka kidogo, kama msichana. Binti yake akamwita.

Gauni nililishona usiku na mchana, na kola nikaitia nikitazama ukuta, ikakaa sawa. Jumamosi ilipita. Nyingine ikapita. Wifi nilipomuuliza kanisani alisema hajui walikohamia.

Mama, mimi jina lako sikuuliza, lakini vipimo vyako ninavyo. Kama kuna mtu anakusomea haya, gauni lako la buluu limetundikwa mlangoni mwa kibanda changu, Buruburu, upande wa kushoto ukitoka sokoni. Njoo ulichukue. Na uje na vidonge vyako mkononi nivione.